Ufadhili wa vyuo vidogo vya Marekani: Fedha hutoka kwa nani, huenda kwa nani?

MNAMO Agosti 2023, wazazi pamoja na wanafunzi waliandamana mjini Eldoret wakidai kurejeshewa fedha walizolipa ili vijana wapelekwe kusoma Finland na Canada chini ya mpango uliosimamiwa na serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu. Baadhi yao walieleza kuwa waliuza vipande vya ardhi na mifugo. Wengine walichanga kwa harambee. Walikuwapo vijana waliosafiri na kujikuta wakitishiwa kufukuzwa vyuoni kwa sababu karo haikuwa imefika, na wengine ambao hawakupanda ndege kamwe.

Mwezi huo huo, Seneta Jackson Mandago, aliyekuwa gavana wakati mpango huo ulipoanzishwa mwaka 2021, alifikishwa mahakamani Nakuru pamoja na watu waliokuwa maofisa wa kaunti, kwa mashtaka yaliyohusu Sh1.1 bilioni. Walikana mashtaka.

Sheria ina mkondo wake. Linalohusika hapa ni neno moja lililozungukazunguka katika sakata hiyo bila kupimwa: ufadhili. Finland ilianza kuwatoza karo wanafunzi wa shahada kutoka nje ya Umoja wa Ulaya mwaka 2017. Kwa hivyo, kijana wa Moiben au Turbo aliyepata nafasi huko alikuwa amepata fursa ya kwenda kulipia masomo, pengine kwa punguzo, wala hakuwa mtu wa kulipiwa. Barua ya kukubaliwa na chuo ni kitu kimoja. Ufadhili ni kitu kingine kabisa. Na pale ambapo mzazi ndiye anayetoa mamia ya maelfu ya shilingi na kuyaweka katika akaunti ya mtu wa kati, ni vigumu kuona mfadhili ni nani.

Upo ufadhili wa namna nyingine, ambao kwa zaidi ya miaka 20 umewapeleka vijana wa eneo hili ng'ambo pasi na wazazi wao kumlipa wakala. Ni ule wa vyuo vidogo vya Marekani vinavyofundisha masomo yaitwayo sanaa huria.

Chuo cha sanaa huria ni kipi?

Jina hilo huwapotosha wengi. Msomaji akisikia "sanaa" hufikiria uchoraji, ngoma na maigizo. Ukweli ni kwamba katika vyuo hivi mwanafunzi anaweza kusomea fizikia, kemia, hisabati, uchumi, historia au sayansi ya kompyuta. Huria ni ule uhuru wa kuchanganya. Katika miaka miwili ya kwanza kati ya minne, mwanafunzi huchukua kozi za nyanja mbalimbali, na aghalabu hutangaza somo lake kuu mwishoni mwa mwaka wa pili. Anayetaka kuchanganya biolojia na falsafa hapigwi marufuku.

Vyuo vyenyewe ni vidogo, vingi vikiwa na wanafunzi kati ya 1,500 na 3,000, ambao karibu wote hulala chuoni. Hushughulika hasa na shahada ya kwanza, na anayefundisha darasani ni profesa mwenyewe. Williams, kilichoanzishwa 1793, na Amherst, kilichoanzishwa 1821, viko katika jimbo la Massachusetts. Pomona kiko California, Grinnell kiko Iowa, Macalester kiko Minnesota. Majina haya hayavumi mitaani Eldoret kama linavyovuma la Harvard, na wako wazazi waliowahi kukunja uso kusikia mtoto amekubaliwa na "kachuo" wasichokijua. Waama, Kofi Annan wa Ghana, aliyekuja kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipata shahada yake ya kwanza Macalester mwaka 1961.

Lipo jambo moja ambalo mzazi anayetamani mwanawe awe daktari sharti alijue mapema. Nchini Kenya, mwanafunzi hutoka kidato cha nne na kuingia moja kwa moja katika masomo ya udaktari, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Moi kilichoanzishwa 1984 papa hapa Eldoret. Marekani udaktari na uanasheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na fedha za kumsaidia mgeni katika hatua hiyo ya pili ni haba mno. Anayekwenda chuo cha sanaa huria kwa matarajio ya kurudi na jina la daktari baada ya miaka minne amekosea njia.

Kutoka ndege ya Mboya

Safari hii haikuanza juzi. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akiomba vyuo viwatengee nafasi vijana wa Kenya. Vyuo vilikubali, vingi vikiwa vidogo. Kilichokosekana kilikuwa nauli. Ndipo wahisani wa Marekani, miongoni mwao mwanamuziki Harry Belafonte, mchezaji Jackie Robinson na mwigizaji Sidney Poitier, walipochangisha fedha za kukodi ndege. Ya kwanza iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Hadi mpango ulipokoma mwaka 1963, karibu wanafunzi 800 kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani walikuwa wamenufaika.

Miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyesomea biolojia katika chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, jimbo la Kansas: chuo kidogo cha masista wa Kikatoliki katika mji mdogo. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Bintiye Mboya, Dkt Susan Mboya, alianzisha mwaka 2002 mfuko wa Zawadi Africa, ambao huwasaidia wasichana werevu wa familia maskini kupata nafasi zenye ufadhili katika vyuo vya ng'ambo.

Mbio hazilipi karo kila mahali

Eldoret ni mji wa wanariadha, na hapa ndipo dhana moja iliyokita mizizi hukwaruzana na hali halisi. Tangu miaka ya 1970, vijana wa Bonde la Ufa walipata ufadhili wa riadha katika vyuo vikuu vya Marekani. Henry Rono wa Nandi alikuwa mwanafunzi wa Washington State alipovunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Kutokana na mifano kama hiyo, wengi huamini kuwa anayekimbia vizuri atalipiwa popote.

Sivyo. Vyuo vingi vya sanaa huria hushiriki katika daraja la tatu la shirika la michezo ya vyuo, NCAA, na kanuni za daraja hilo haziruhusu ufadhili wa riadha. Amherst au Williams haviwezi kumlipa mtu kwa sababu ya miguu yake. Kocha anaweza kumsemea mwombaji kwa maofisa wa usajili, na neno lake lina uzito, lakini fedha hutolewa kwa msingi wa umaskini wa familia, baada ya mwombaji kukubaliwa kwa alama na insha zake.

Mpango wa KenSAP ulizaliwa katika mwanya huo mwaka 2004. Waanzilishi wake walikuwa John Manners, mwandishi Mmarekani aliyewahi kufundisha Kenya na aliyeandika mengi kuhusu wakimbiaji wa Kikalenjin, na Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki za Munich 1972, ambaye mwenyewe alisoma Marekani kabla ya kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Waliwatafuta vijana wa eneo hili waliopata alama za juu kabisa katika mtihani wa KCSE, wakawahoji, kisha wakawakimbiza mita 1,500 huko Iten, mji ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mwendo mfupi kutoka Eldoret. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamewahi kukimbia mashindano. Walikuwa watu wa vitabu. Waliochaguliwa walifunzwa jinsi ya kufanya mtihani wa SAT, kuandika insha na kujaza fomu za fedha, yote bila malipo. Zaidi ya 100 kati yao walikubaliwa na vyuo vya Marekani, vikiwamo vikubwa kama Harvard na vidogo vya sanaa huria, wakilipiwa na vyuo vyenyewe. Hatimaye mbio zilibaki kuwa kando ya shughuli, na masomo ndiyo yaliyoamua.

Jinsi fedha zinavyohesabiwa

Serikali ya Marekani haimpi mwanafunzi mgeni wa shahada ya kwanza ruzuku inazowapa raia wake, wala haimkopeshi. Fedha hutoka katika hazina ya chuo, iliyokusanywa kwa michango ya wahitimu kwa vizazi kadhaa na kuwekezwa. Hazina ya Amherst, chuo chenye wanafunzi wapatao 1,900, imepita dola bilioni 3. Hicho ndicho kiini cha uwezo wao, na ndiyo sababu chuo kidogo tajiri kinaweza kumfaa mtoto wa mkulima kuliko chuo kikuu cha serikali ya jimbo ambacho karo yake ni nafuu lakini hakina cha kumpa mgeni.

Gharama zote za mwaka mmoja, yaani karo, malazi, chakula, bima ya afya na vitabu, hupita dola 80,000 katika vyuo vingi vya aina hii. Kwa kiwango cha takriban Sh130 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh10 milioni. Mzazi asishtuke na kufunga ukurasa. Chuo huitaka familia ieleze mapato na mali yake, kisha huamua ni kiasi gani inaweza kutoa. Tuseme gharama ni dola 85,000, na mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto wanne ameonekana kuwa na uwezo wa kutoa dola 1,500 kwa mwaka. Chuo kinachoahidi kukidhi hitaji lote humwandikia mwanawe msaada wa dola 83,500, ambao kwa kawaida hugawika: sehemu kubwa ni ruzuku isiyorudishwa, na sehemu ndogo ni kazi ya saa chache kwa juma katika maktaba au jikoni mwa chuo. Viza ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi chuoni kwa muda usiozidi saa 20 kwa juma masomo yanapoendelea.

Swali zito ni iwapo umaskini wenyewe utampunguzia mwombaji nafasi ya kukubaliwa. Vyuo vichache sana huamua kumchukua mgeni bila kuangalia mfuko wa mzazi. Amherst kimefanya hivyo tangu 2008. Bowdoin kilitangaza sera hiyo mwaka 2022, na Washington and Lee kikafuata 2024. Vingine, kama Pomona, Swarthmore, Wellesley, Grinnell na Macalester, huahidi kukidhi hitaji lote la mgeni watakayemchukua, ila katika kumchagua huzingatia pia kwamba bajeti ya wageni ina kikomo. Sera hizi hubadilika. Williams kilikuwa miongoni mwa wasiotazama mfuko, lakini baada ya msukosuko wa kiuchumi wa 2008 kilijiondoa kwa upande wa wageni mwaka 2010. Lipo pia kundi la tatu, kubwa kuliko yote: vyuo vinavyompa kila anayeomba "ufadhili" wa dola 20,000 au 30,000 kwa mwaka. Barua yake hupendeza macho, nayo huacha pengo la mamilioni ya shilingi. Wengi wa wanaochanga harambee kanisani na kukwama mwaka wa pili hutoka katika kundi hili.

Berea, jimbo la Kentucky, ni kisa cha pekee. Kilianzishwa mwaka 1855 na wapinzani wa utumwa, na hakimtozi mwanafunzi wake karo. Badala yake, kila mwanafunzi, raia au mgeni, hufanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa juma. Nafasi za wageni ni chache, na waombaji ni wengi kutoka kila pembe ya dunia.

Familia isiyo na hati ya mshahara, na ndizo nyingi katika mashamba ya mahindi na ya maziwa, huandika makadirio ya mavuno na mauzo, na huenda ikatakiwa kutoa uthibitisho. Mzazi asitie chumvi wala asipunguze. Kupandisha mapato kwa aibu ya umaskini humnyima mtoto ruzuku. Kuyaficha kukigunduliwa, humpotezea nafasi. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi, CSS Profile, ina ada, lakini vyuo kadhaa humwondolea ada hiyo mwombaji maskini akiomba, na vivyo hivyo kwa ada ya maombi. Jambo jingine lililowaponza wengi: katika vyuo vingi, mgeni asiyeomba msaada wa fedha wakati wa kuomba nafasi hawezi kuuomba baadaye.

Barua ya kweli ya ufadhili huandikwa na chuo, hutaja kiasi cha kila mwaka na masharti ya kuendelezwa, na hufika pamoja na barua ya kukubaliwa au muda mfupi baadaye. Fedha zenyewe hazipiti mkononi mwa mwanafunzi, sembuse mwa wakala. Chuo huzikata katika hesabu yake chenyewe. Anayetia shaka humwandikia ofisa wa usajili kupitia anwani iliyo katika tovuti ya chuo, kwa kawaida inayoishia .edu, na hujibiwa bila malipo. Mtu anayetaka "ada ya kuhifadhi ufadhili" kwa M-Pesa hajatumwa na chuo.

Yasiyolipwa na chuo

Hata ufadhili mnono huacha matundu, na historia ya ndege ya Mboya inajirudia hapa. Baadhi ya vyuo hulipa nauli. Vingi humwachia mwanafunzi. Ada ya mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wageni ni dola 350, na ada ya viza imekuwa dola 185 tangu Juni 2023: hizo mbili pekee zinakaribia Sh70,000, kabla ya pasipoti, vipimo vya afya na gharama ya kusafiri hadi Nairobi kwa mahojiano ubalozini. Tangu Juni 2025, mwombaji wa viza ya mwanafunzi hutakiwa pia kuacha wazi kurasa zake za mitandao ya kijamii ili maofisa wazipitie.

Katika mahojiano hayo, kijana mwenye ufadhili kamili bado anaweza kunyimwa viza, kwa maana sheria humtaka amridhishe ofisa kwamba hana nia ya kuhamia huko. Chuo hakiwezi kumwamuru ofisa.

Halafu kuna kodi, ambayo ni wachache huambiwa habari zake. Ruzuku inayolipia karo na vitabu haitozwi, lakini ile inayolipia malazi na chakula huhesabiwa kuwa mapato, na mgeni mwenye viza ya mwanafunzi hukatwa asilimia 14. Kenya haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kumpunguzia mzigo huo. Malazi na chakula vikigharimu dola 18,000, kodi ni dola 2,520 kwa mwaka. Baadhi ya vyuo hulibeba deni hilo. Vingine humwachia mwanafunzi alilipe kutokana na kibarua chake. Hilo ni swali la kuulizwa kabla ya kutia saini.

Kalenda mbili zisizolingana

Matokeo ya KCSE yamekuwa yakitangazwa kati ya Desemba na Januari, ilhali vyuo vya Marekani hufunga maombi ya kawaida kati ya tarehe 1 na 15 Januari, na yale ya mapema Novemba. Kwa sababu hiyo, waombaji wengi kutoka Kenya hukaa mwaka mmoja baada ya kidato cha nne, wakijiandaa kwa mitihani ya Kiingereza na, kwa vyuo vinavyoidai, SAT. Vyuo vingi viliufanya mtihani huo kuwa wa hiari baada ya 2020, na baadhi vimeanza kuurejesha. Mwaka huo usipotee bure: chuo hutaka ripoti za shule za miaka yote minne ya sekondari, si cheti cha mwisho pekee, na wako waliolazimika kurudi shuleni kuzitafuta katika makabati ya makarani. Mfumo mpya wa elimu utabadilisha hesabu hii, kwa vile KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa 2027.

Asiyependa safari ya Marekani ana njia ya karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Ashesi nchini Ghana, kilichofunguliwa 2002, hufundisha kwa mtindo huo huo na hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika, baadhi wakiwa na ufadhili. Mwanzilishi wake, Patrick Awuah, alisoma Swarthmore.

Majibu ya Marekani hutolewa mwishoni mwa Machi, na mwombaji huwa na hadi Mei 1 kukubali. Masomo huanza mwishoni mwa Agosti, wakati mahindi ya Uasin Gishu yangali shambani na mavuno hayajauzwa, jambo ambalo familia ya mkulima hulazimika kulihesabu mapema inapopanga nauli.